Mtoto Aliyepandikizwa Uloto: Usiiongeze Kinga, Ilinde Mizani Yake

Mtoto aliyezaliwa na kinga dhaifu akirudi nyumbani baada ya kupandikizwa uloto, wageni hawaji mikono mitupu. Huyu analeta unga wa mlonge, yule chupa ya mafuta ya habasoda, shangazi kasikia redioni tangazo la vidonge vya kuongeza kinga. Nia ni njema, na hoja inaonekana imenyooka: ugonjwa ulikuwa upungufu wa kinga, basi dawa yake ni kuiongeza. Lakini katika miezi ya kwanza hoja hiyo imepinduka. Mtoto huyu anakunywa dawa asubuhi na jioni kwa makusudi ya kuituliza kinga mpya isimdhuru. Anayemwongezea kwa siri anaibomoa kazi ya daktari bila kujua.

Makala haya yanamlenga mzazi na mlezi, na pia mhudumu wa zahanati atakayempokea mtoto huyu usiku wa manane. Hayachukui nafasi ya daktari aliyempandikiza. Yanakusaidia kujua lipi upige simu leo hii, lipi lisubiri kliniki, na lipi usilifanye kabisa.

Kinga mpya huja kwa awamu

Ndani ya uloto, au uboho kama wengine wauitavyo, ndiko zinakotengenezwa chembe zote za damu: nyekundu, nyeupe, na chembe sahani zinazozuia damu kuvuja. Wapo watoto wanaozaliwa na kasoro kubwa katika chembe nyeupe. Kuna upungufu mkali wa kinga ambao kwenye karatasi za hospitali huandikwa SCID, kuna ugonjwa wa Wiskott-Aldrich, kuna ugonjwa sugu wa granuloma, na mengine mengi. Tiba yao kuu ni kupewa uloto wa mtu mwingine. Mtoaji anayetafutwa kwanza ni ndugu wa baba na mama mmoja ambaye vinasaba vyake vya kinga vinalingana na vya mgonjwa. Kila ndugu ana nafasi ya 25 kwa 100. Asipopatikana, hutafutwa mtoaji asiye wa ukoo, au baba au mama anayelingana nusu.

Siku ya kupandikizwa si siku ya kupona. Chembe nyeupe za mwanzo, zile zinazopambana na bakteria, kwa kawaida huonekana baada ya wiki 2 hadi 4. Chembe T, zinazoongoza vita dhidi ya virusi na fangasi, huchukua miezi 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Kingamwili, yaani protini zinazokaa kwenye damu kupambana na vijidudu, zinaweza kuchukua miaka 2, na kuna watoto ambao hawazitengenezi vya kutosha hata baada ya hapo.

Katika kipindi hicho mtoto yuko kati ya hatari mbili kwa wakati mmoja. Kinga yake bado ni changa mno kumlinda dhidi ya maambukizi, na papo hapo inaweza kuushambulia mwili wake. Ni kama mlinzi aliyeajiriwa jana: ana nguvu na ana rungu, ila sura za wenye nyumba bado hajazijua.

Jambo hili lilionekana tangu mwanzo kabisa. Mwaka 1968, huko Minneapolis, Marekani, Dk. Robert Good na wenzake walimpandikiza mtoto mchanga wa kiume mwenye SCID uloto wa dada yake. Kinga ilianza kazi, lakini makundi yao ya damu hayakulingana, na chembe ngeni ziliushambulia uloto wa mtoto uliokuwa bado unatengeneza damu. Damu ikaisha. Ilibidi apandikizwe mara ya pili, kutoka kwa dada yule yule, na safari hiyo alipona, akaishi hadi utu uzima. Madaktari wa fani hii wamekuwa wakishughulika na mizani hiyo tangu hapo.

Uloto unapomshambulia mtoto

Tatizo linalojulikana zaidi huandikwa GVHD: chembe za mtoaji zinauona mwili wa mtoto kuwa mgeni na kuushambulia. Aina ya ghafla hutokea zaidi katika siku 100 za mwanzo, na hugusa sehemu tatu: ngozi, utumbo na ini.

Kwenye ngozi, maelezo mengi ya hospitali husema utaona vipele vyekundu. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tafuta mabaka yaliyokoza kuliko ngozi yenyewe, rangi ya zambarau au kijivu, na uso wa ngozi uliogeuka kuwa wa kukwaruza. Pitisha kiganja chako taratibu, maana mkono hugundua kabla ya jicho. Anza na viganja vya mtoto, nyayo, nyuma ya masikio, shingo na mabega. Akilalamika kwamba viganja vinawaka au vinawasha, usingoje mpaka uone kitu. Piga picha mchana, kwenye mwanga wa dirishani bila tochi ya simu, na uirudie kesho yake mahali pale pale. Picha mbili humsaidia daktari aliye mbali kuona kama tatizo linasambaa.

Kwenye utumbo, dalili huanza na kukataa chakula, kichefuchefu na kutapika kusikoisha, kisha kuharisha majimaji, pengine na damu au maumivu makali ya tumbo. Kosa la kawaida ni kulaumu chakula cha jana. Jingine ni kununua dawa ya kufunga tumbo. Badala yake, pima. Pima nepi kavu kwenye mizani ya jikoni, pima iliyochafuka, toa. Kila gramu 1 ni karibu mililita 1. Mtoto mkubwa atumie chombo chenye alama za vipimo. Madaktari hupanga ukali wa ugonjwa kwa kiasi cha choo kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo “anaharisha sana” haiwasaidii kama “mililita 400 tangu asubuhi, uzito kilo 12.” Kwa kuwa virusi, bakteria na vimelea navyo huleta kuharisha, choo lazima kipimwe, na wakati mwingine huchukuliwa kinyama kidogo cha utumbo kuchunguzwa.

Kwenye ini, tazama weupe wa macho kama umegeuka manjano, mkojo kama umekoza, na choo kama kimepauka.

Ukisoma habari za watu wazima waliopandikizwa kwa ajili ya saratani ya damu, utakuta madaktari wakisema GVHD kidogo ina faida, kwa kuwa chembe hizo hizo husaidia kuua mabaki ya saratani. Kwa mtoto wa kinga dhaifu hakuna saratani ya kuuawa, na hakuna faida hiyo hata chembe. Usikubali kupozwa kwa maneno kwamba “kidogo ni nzuri.” Ugonjwa ukiwahiwa kwenye ngozi pekee unaweza kutibiwa kwa mafuta ya steroidi, dawa ya kutuliza kinga; ukiachwa ukafika kwenye utumbo au ini, huhitaji steroidi za kumeza au za mshipa kwa dozi kubwa, na pengine dawa nyingine juu yake.

Aina sugu huja polepole, mara nyingi baada ya miezi kadhaa, na huzoeleka nyumbani kabla ya kutambuliwa. Mtoto anaanza kulia akila chakula chenye pilipili au ndimu kidogo tu. Macho yanakauka na kuuma kwenye mwanga. Ngozi inakuwa ngumu, viungo havinyooki. Mara moja kwa mwezi mwambie abandike viganja vyake viwili pamoja kifuani, kisha anyooshe mikono yote juu ya kichwa. Akishindwa alichoweza mwezi uliopita, toa taarifa. Kikohozi kikavu kisichoisha au kuhema anapopanda ngazi ni dalili nzito zaidi, kwa sababu njia ndogo za hewa zikishaziba kwa makovu hazifunguki tena. Kuanzia umri wa miaka 6 hivi watoto wengi wanaweza kupuliza kipimo cha mapafu. Uliza kitafanyika lini. Na jua kali linaweza kuuamsha ugonjwa wa ngozi, kwa hiyo kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua vinamhusu mtoto mweusi sawasawa na mweupe.

Damu inaposhambuliwa

Tatizo la pili halitajwi sana, ingawa ni la kawaida zaidi kwa watoto waliopandikizwa kwa magonjwa yasiyo saratani: kinga mpya inatengeneza kingamwili dhidi ya chembe za damu zenyewe. Mara nyingi hutokea kati ya mwezi wa 2 na wa 12, wakati familia imeanza kupumua. Zikishambuliwa chembe nyekundu, mtoto huchoka ghafla, macho hugeuka manjano na mkojo huwa na rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi. Weupe wa kupungukiwa damu uangalie ndani ya kope ya chini, kwenye viganja na kwenye ulimi. Zikishambuliwa chembe sahani, utaona vidoa vidogo vyeusi au vya zambarau ambavyo havififii ukivibonyeza, michubuko isiyo na sababu, fizi au pua kutoka damu. Zikishambuliwa chembe nyeupe, dalili huwa homa na vidonda vya mdomo.

Mkojo mweusi au damu isiyokoma si jambo la kusubiri kesho. Hospitali itapima wingi wa damu na kipimo cha Coombs, kinachoonyesha kama kingamwili zimebandikana na chembe nyekundu. Waambie lini mara ya mwisho mtoto alipewa imunoglobulini, yaani kingamwili za kuongezewa, kwa sababu dawa hiyo peke yake inaweza kufanya Coombs isome chanya. Waambie pia dawa zote anazotumia: Septrin, ambayo wengi huitumia kuzuia nimonia, na gansiklovia inayotibu virusi vya CMV, zote zinaweza kushusha chembe nyeupe bila kinga kuhusika.

Tiba huanza na steroidi, pengine na imunoglobulini kwa dozi kubwa. Zisipotosha, hutumika rituksimabu, dawa inayofuta chembe B zinazotengeneza kingamwili. Ikitumika, jua kalenda imesogea: kwa miezi mingi mtoto atategemea imunoglobulini ya kuongezewa, na chanjo zitachelewa. Iandike tarehe ya dozi hiyo mahali pasipopotea.

Mambo mawili kuhusu kuongezewa damu ni ya kufa na kupona, na hospitali isiyozoea wagonjwa hawa huenda isiyafikirie. La kwanza: kundi la damu la mtoto linaweza kubadilika likawa la mtoaji, kwa hiyo kadi ya zamani ya kliniki isitumike kamwe kama ushahidi. La pili: damu na chembe sahani anazopewa lazima ziwe zimepigwa mionzi, la sivyo chembe nyeupe za mchangiaji zinaweza kuota ndani yake na kuanzisha GVHD ya kuua. Kichujio cha chembe nyeupe peke yake hakitoshi. Mionzi hiyo haipatikani kila mkoa, hivyo uliza mapema, ukiwa na utulivu, ni hospitali gani iliyo karibu nawe inayoweza kuipata.

Kuna namba nyingine ya kufuatilia: asilimia ya chembe za mtoaji katika damu ya mtoto. Kwa magonjwa mengi ya kinga si lazima ifike 100. Wapo watoto wanaoishi vizuri na mchanganyiko. Kinachotisha ni mwelekeo. Namba inayoshuka kipimo hadi kipimo inaweza kuashiria kwamba mwili unaukataa uloto, na mchanganyiko wenyewe huongeza uwezekano wa damu kushambuliwa. Omba namba ya kila aina ya chembe, uiandike na tarehe.

Kovu la BCG linapoamka

Afrika Mashariki watoto huchanjwa BCG wakizaliwa, kabla mtu hajajua kwamba kinga yao ni mbovu. Chanjo hiyo ina bakteria hai waliodhoofishwa. Kwa mtoto mwenye SCID wanaweza kukaa mwilini kimyakimya, au kusambaa. Kisha anapandikizwa, chembe T mpya zinafika, zinawakuta, na mapigano yanaanza: kovu la chanjo linavimba na kutoa usaha, tezi za kwapa zinafura, homa inapanda. Mzazi hudhani tiba imeshindwa, kumbe mara nyingi ni kinga iliyoamka.

Hata hivyo ni hali ya kutibiwa, tena kwa uangalifu. Usikamue kidonda wala kukubali tezi ipasuliwe kwenye kituo kisichojua historia yake. Kwenye dawa za kifua kikuu kuna mitego miwili. Bakteria wa BCG hawasikii pirazinamaidi, mojawapo ya dawa nne za kawaida. Na rifampisini hulifanya ini liisage haraka saiklosporini na takrolimasi, zile dawa za kutuliza kinga, hivyo kiwango chake kinashuka na GVHD inapata upenyo. Kwa hiyo kliniki ya kifua kikuu isianze wala kusimamisha dawa bila kuzungumza na waliompandikiza.

Homa: kipimajoto kwanza, parasetamoli baadaye

Ukihisi mtoto ana joto, pima kwapani kabla hujampa chochote. Nyuzi 38 au zaidi ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anacheza. Parasetamoli ikitangulia, inashusha namba na kuificha hatari. Kipimajoto kisiingizwe kwenye njia ya haja kubwa, kwa sababu mchubuko mdogo pale unaweza kuingiza bakteria kwenye damu.

Kwetu homa ina jina tayari, nalo ni malaria. Mtoto apimwe malaria, ndiyo, lakini jibu la kipimo hicho lisifunge jalada. Hata ikikutwa malaria, bado anahitaji damu ya kuoteshwa na antibiotiki ya mshipa, inayotakiwa kuanza ndani ya saa moja tangu kufika. Akiwa bado ana mpira wa mshipa mkubwa kifuani mwake, sema mapema, maana ndio mlango wa kwanza kushukiwa.

Mtoto anayetumia steroidi anaweza asipandishe homa hata akiwa na maambukizi makali. Kwake tazama dalili nyingine: mikono ya baridi, kutetemeka, kulala mno, kupumua haraka, kukojoa kidogo. Wakikuambia “hana homa, mrudishe nyumbani,” wakumbushe kwamba yuko kwenye steroidi.

Wapo pia virusi ambavyo watu wazima wengi tunavyo vimelala: CMV, EBV, adenovirusi. Vikiamka kwa mtoto huyu huleta nimonia, kuharisha, homa ya ini, au uvimbe wa tezi za shingo na tonsili. Miezi ya kwanza hupimwa kwenye damu mara kwa mara, mara nyingi kila wiki, ili vitibiwe kabla ya dalili. Kuruka vipimo kwa sababu mtoto anaonekana mzima ni kuiacha faida yote ya upimaji huo.

Dawa na saa zake

Saiklosporini na takrolimasi zina dirisha jembamba: zikipungua, GVHD au kukataliwa kwa uloto, zikizidi, figo zinaumia na presha inapanda. Ndiyo maana hupimwa kwenye damu. Siku ya kipimo, usimpe dozi ya asubuhi kabla damu haijatolewa. Ibebe, umpe baada ya hapo. Ukisahau ukampa, sema. Namba ya uongo humfanya daktari apunguze dawa isiyotakiwa kupunguzwa.

Balungi na madanzi viondoke mezani kabisa, matunda yenyewe, juisi zake na achari zake, kwa sababu huzuia utumbo kuisaga dawa na kiwango kikapanda. Dawa za fangasi kama flukonazo, na antibiotiki kama erithromaisini, huipandisha vilevile. Ukibadilishiwa kampuni ya saiklosporini dukani, mpigie daktari kwanza, kwani zinavyoingia mwilini hazilingani. Mtoto akiumwa kichwa sana, akisema haoni vizuri, au akidondoka kifafa, mkimbize hospitali na uombe presha ipimwe kabla ya yote. Nywele kuota usoni na fizi kuvimba hukera, lakini si dharura.

Steroidi haikatishwi ghafla. Ikitumika kwa muda, tezi za mwili zinazotengeneza homoni hiyo husinzia, na mtoto akiachishwa kwa mkupuo anaweza kuzimia. Akitapika dozi mfululizo, hilo ni la hospitali. Omba kanuni zilizoandikwa: akitapika baada ya dakika ngapi arudiwe dozi, ukisahau ufanyeje. Kanuni moja ni ya wote: usimpe dozi mbili kwa mpigo kufidia iliyopotea.

Kuhusu mitishamba na vidonge vya kuongeza kinga, msimamo ni mmoja: visiingie mdomoni bila idhini ya waliompandikiza. Baadhi vinaichokoza kinga, baadhi vinabadilisha kiwango cha dawa, na unga uliokaushwa juani unaweza kubeba fangasi. Bibi akiwa ameshampa, usimgombeze wala usifiche. Sema alipewa nini, kiasi gani, lini. Mficha maradhi kilio humuumbua, na daktari asiyejua ataendelea kutafuta chanzo mahali kisipokuwepo.

Chanjo huanza upya

Uloto mpya haukumbuki chanjo za zamani, kwa hiyo ratiba huanza tena. Chanjo zisizo hai, kama ya nimonia, pepopunda na kifaduro, kwa kawaida huanza kati ya miezi 3 na 12 baada ya kupandikizwa, kwa mpangilio wa hospitali. Chanjo hai, kama ya surua, hazitolewi kabla ya miezi 24, na hata hapo ni mpaka mtoto awe ameacha dawa za kutuliza kinga, hana GVHD na kinga yake imepimwa. BCG hairudiwi. Matone ya polio yasimguse, hata ikija kampeni ya nyumba kwa nyumba. Waonyeshe wahudumu barua yake.

Wanaoishi naye wachanjwe kikamilifu. Ndugu zake wanaweza kupewa chanjo ya surua bila wasiwasi. Polio wapate ya sindano, si matone, kwa sababu virusi vya matone hutoka kwenye choo. Mdogo wake akipewa chanjo ya rota, anayebadilisha nepi anawe mikono kwa sabuni kila mara, na mgonjwa akae mbali na nepi hizo kwa wiki kadhaa. Mtoto aliyepandikizwa akikutana na mwenye surua, tetekuwanga au mkanda wa jeshi, piga simu siku hiyo hiyo, kabla ya kipele cha kwanza: kinga ya dharura ina muda wake.

Familia nyingi za Afrika Mashariki hupandikiziwa India na hurudi huko kwa uchunguzi, na njiani huombwa cheti cha homa ya manjano. Chanjo hiyo ni hai. Mtoto huyu hapewi; anaandikiwa na daktari msamaha wa kitabibu kwenye cheti cha kimataifa. Ushughulikieni kabla ya kukata tiketi.

Nyumbani na njiani

Maji yachemshwe, nyama na mayai yaive, maziwa mabichi yasitumike, kachumbari na juisi ya barafu ya barabarani visubiri ruhusa. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Wakati wa kufagia, kubomoa ukuta au kusafisha banda la kuku, atolewe, kwa sababu vumbi hilo hubeba fangasi wa mapafu. Wageni wapokelewe barazani, wanawe mikono, na mwenye mafua asalimie kwa simu. Baba wa nyumba alitamke hili waziwazi ili lawama isimwangukie mama peke yake. Kurudi shule kutategemea vipimo vyake, si idadi ya miezi.

Andaa barua ya ukurasa mmoja, iliyosainiwa na hospitali, nakala tatu: mfukoni mwako, kwenye simu, na kwenye zahanati ya karibu. Iwe na jina la ugonjwa wa awali, tarehe ya kupandikizwa, mtoaji alikuwa nani, kundi la damu la zamani na la sasa, dawa na dozi zake, mzio, na namba ya simu inayojibiwa saa 24. Chini yake ziwepo sentensi nne kwa herufi kubwa: homa ya nyuzi 38 ni dharura, damu na chembe sahani zipigwe mionzi, asipewe chanjo hai, asianzishiwe dawa mpya bila mashauriano. Kando ya barua weka daftari la kila siku lenye joto, uzito, choo, ngozi na dawa alizokunywa, na akiba ya dawa ya wiki mbili, maana saiklosporini haipatikani kila duka.

Muda ukifika, dawa za kutuliza kinga zitapunguzwa taratibu. Wengi hudhani hapo ndipo ulinzi unapomalizika, kumbe wiki za kupunguza dawa ndizo GVHD na mashambulizi ya damu hupenda kurudi. Kagua ngozi, macho na mkojo kila siku katika wiki hizo, na usikubali safari ndefu mbali na hospitali. Dawa zikiisha salama, kliniki inabaki: tezi ya thairoidi shingoni, mapafu, meno na ukuaji vipimwe kila mwaka, hata akishakuwa kijana anayejipeleka mwenyewe. Mfundishe kuisoma barua yake mapema. Kijana anayeweza kumwambia muuguzi asiyemjua kwamba damu yake lazima ipigwe mionzi anaweza kuyaokoa maisha yake siku ambayo wewe haupo.